Sauti ya Saa Nane na Robo

Setilaiti ilikwisha kuzimwa. Wenyewe walitangaza, na Mwalimu Sabiu akahuzunika kama aliyefiwa, maana kwa miaka minne alikuwa akinasa picha zake za mawingu na vumbi kwa antena ya vipande viwili vya bomba, aliyoisimamisha juu ya paa lao la udongo pale Daura. Kwa hiyo mkewe, Talatu, aliposikia redio ya chumbani ikigonga tik-tik, tik-tik, kama zamani, aliacha madonge ya uwele aliyokuwa akiyafinyanga kwa ajili ya fura akaenda mlangoni.

"Mwalimu, si ulisema imekufa?"

"Imekufa." Hakugeuka. Kwenye kompyuta, picha ilikuwa inashuka mstari kwa mstari. "Labda kuna mtu anatuchezea."

Chumba kilinuka udongo uliolowa mvua. Ilikuwa Januari, na Daura haikuwa imeona tone tangu Oktoba.

Kesho yake ikaja tena, saa nane na robo ile ile. Setilaiti ya kweli haipiti dakika ile ile kila siku; Sabiu alilijua hilo, na Talatu akamwona anavyoikagua saa yake mara mbili. Pichani hamkuwa na mawingu. Palikuwa na ukuta wao, mtungi wao, na mtoto wao wa kwanza, wa miaka saba, akicheza uani. Siku ya tatu picha ilisogea karibu hata misuko ya nywele zake ikahesabika, na katikati ya ile tik-tik sauti ya mwanamke ikaita, "Zulai."

Sabiu alicheka kicheko kikavu. "Kumbe unamwita mtoto jina! Haya yako umeitupa wapi?"

"Mimi? Tangu siku aliponyolewa nywele za uzazi akapewa jina, umewahi kunisikia?"

Hakuwahi. Hakuna aliyewahi, kwani mama wa kwao hamtaji kwa jina kifungua mimba wake. Talatu alimwita "wewe", au "yule", na mapenzi yake yote aliyabana humo. Lakini sauti ilikuwa yake, pamoja na ule mkwaruzo wake. Alimshuku mumewe kwamba amemrekodi kwa siri. Mumewe akamshuku kwamba haya imemshinda. Walikuwa wangali wanatazamana kwa pembe za macho mtoto alipoitika kule uani, kwa furaha, "Naam, mama!"

Ndipo walipomwita Malam Gambo, mwalimu wa Kurani wa mtaani. Alisoma, akamnywesha mtoto kombe, akaamuru antena ishushwe.

"Jini halijaingia," alinong'ona. "Linamzoesha tu. Likiita tena, mama, mwite wewe kwa jina lake. Umwite kabla hajaliendea."

Talatu alijifunika uso. "Malam, naona haya."

"Haya gani mbele ya jini, binti yangu?"

Antena ilishushwa, redio ikachomolewa waya na kuviringishwa kitenge. Siku mbili pakawa kimya. Kila saa nane Talatu alijaribu jina lile peke yake jikoni, na kila mara aliishia silabi ya kwanza.

Siku ya tatu aliisikia harufu kwanza, ile ya mvua isiyokuwapo, halafu tik-tik kutoka ndani ya kitenge, na kabla hajanyanyuka sauti yake mwenyewe ikaita kutoka juu ya paa, tamu, taratibu, isiyo na haya hata chembe, "Zulai, Zulai wangu," na mtoto akatupa kibuyu akakimbilia ngazi ya udongo, na Talatu akafungua kinywa kisitoke kitu, akafungua tena, akawaona mama yake na bibi yake na wanawake wote wa mtaa wakimtazama moyoni mwake, mpaka mguu wa mtoto ulipokanyaga ngazi ya nne ndipo jina likamchomoka.

"Zulai!"

Mtoto alisimama. Aligeuka akamtazama mama yake kwa mshangao, kama amemwona mgeni uani.

"We siyo," alisema polepole. "Mama haniitagi kwa kelele hivyo. Mama yuko juu."

Akamalizia ngazi mbili zilizobaki. "Naam, mama," aliitika, na nyayo zake zikasikika juu ya paa, moja, mbili, tatu, halafu hazikusikika tena.