Viatu Vyenye Kamba za Njano

Kila siku kabla ya kwenda nyumbani, wanafunzi wa darasa la sita kisiwani Tanegashima, Japani, hufagia darasa, hupangusa sakafu kwa matambara, kisha huketi kujisahihisha. Aliyekosea siku hiyo husimama, husema kosa lake, huinamisha kichwa, na mambo yakaisha. Chinatsu alikipenda kikao hicho, maana mara nyingi hakuwa na la kusema.

Watoto wa Tanegashima wamezoea roketi zinazorushwa kutoka pwani yao kama wengine walivyozoea treni, lakini ya wiki ile ilikuwa na jambo lake. Sota, mpigapicha wa klabu yao ya video, alikuwa amelazwa hospitalini Kagoshima, ng'ambo ya bahari, mguu umefungwa plasta mpaka nyongani. Tangu aanze kutembea hakuwahi kukosa roketi hata moja. Wenzake walimwahidi kumrekodia hii kwa kamera mpya ya shule, ambayo picha zake ni safi kiasi cha kuonyesha hata barafu ikibanduka kwenye roketi. Chinatsu akachaguliwa kushika kamera. Kohei, mvulana mpole asiye na makuu, akakabidhiwa betri na kadi za kumbukumbu.

Sota alimpigia Chinatsu simu akampa agizo moja tu: aitazame taa nyekundu ya kamera. Ikiwaka, kamera inarekodi, ikizimika, hairekodi.

"Macho yako yatataka kukimbilia roketi," alimwambia. "Yazuie."

Siku ya siku, juu ya kilima, Chinatsu alibonyeza kitufe mapema kwa wasiwasi. Taa ikawaka. Hesabu ilipokaribia sifuri, akabonyeza tena ili awe na hakika. Taa ikazimika. Hakuiona, kwa kuwa moto ulishawaka kule pwani naye alishakodoa macho huko. Roketi ikapanda, ikaingia mawinguni, ikatoweka. Akabonyeza ili azime, akaichomoa kamera kwenye stendi, akaanza kurukaruka nayo mkononi. Ndipo mngurumo ukawafikia, ukawatikisa vifua.

Alipotazama alichorekodi, alirudisha mwanzo akatazama tena. Roketi ilikuwa imesimama tu, haijaruka. Kisha, kwa kuwa kubonyeza kwa mwisho kuliiwasha kamera tena, zikaja nyasi, mngurumo, na viatu vyake vyenye kamba za njano vikirukaruka.

"Vipi, imetoka vizuri?" Kohei aliuliza.

"Kadi imegoma," Chinatsu akasema. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Akaichomoa kadi, akaitia mfukoni.

Kwenye kikao, Mwalimu Hidaka aliuliza nani ana la kusema. Chinatsu akainamia sakafu. Aliyesimama ni Kohei. Alisema kadi zilikuwa mikononi mwake, na alipaswa kuzijaribu zote asubuhi, kwa hiyo kosa ni lake. Akainama mpaka paji la uso likakaribia dawati. Darasa likaguna. Mmoja akanong'ona kwamba kazi rahisi vile hata bibi yake angeiweza. Chinatsu alihisi uso unawaka moto. Angeweza kusimama palepale. Hakusimama, na jioni ile aliacha wali na samaki mezani.

Asubuhi alimkuta Kohei peke yake katika chumba cha klabu, kadi zote ziko mezani, akizijaribu mojamoja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nipe ile iliyogoma," alisema. "Labda itapona. Leo namwambia Sota mwenyewe. Sitaki ulaumiwe wewe."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyommaliza. Chinatsu akaitoa kadi mfukoni.

"Haijagoma, Kohei. Mimi nilibonyeza mara mbili. Halafu nikakuacha uombe msamaha kwa kosa langu."

Kohei aliipokea kadi. "Nimeshamwambia mama kwamba ni mimi," akasema taratibu. Chinatsu aliona afadhali angepigwa kofi.

Akaenda kwa Mwalimu Hidaka, akamweleza. Mchana Sota alionekana kwenye skrini kutoka hospitalini, na video ikaonyeshwa darasa zima kama ilivyo. Viatu vilipotokea vikirukaruka, darasa likaangua kicheko.

"Viatu vya nani hivyo?" Sota akauliza.

Chinatsu akasimama. "Vyangu," akasema, akaeleza yote, na la Kohei pia. Akamwinamia Kohei kwanza, kisha Sota. Hakuna aliyecheka tena.

Sota alijua roketi yake imeshakwenda. Kisha akasema, "Rudisha kidogo. Ule mngurumo. Niongezee sauti." Akausikiliza akiwa amefumba macho, mkono kifuani.

"Kidole kuteleza si aibu," Mwalimu Hidaka alimwambia Chinatsu baadaye. "Mimi nimewahi kurekodi soksi zangu. Lakini uongo wako ulihitaji mtu wa kuubeba, na Kohei akaubeba mpaka nyumbani kwao. Ukikosea, sema siku ileile, kabla mwingine hajasema kwa niaba yako."

Jioni hiyo Chinatsu alibisha mlangoni kwa mama yake Kohei.

Roketi iliyofuata, Kohei ndiye aliyependekeza Chinatsu arudishiwe kamera. Iliporuka, wenzake walishangilia, lakini Chinatsu aliitumbulia macho taa nyekundu mpaka mngurumo ukaisha. Roketi yenyewe aliiona jioni, kwenye skrini, ameketi kati ya Kohei na Sota, aliyekuwa ametoka hospitali.