Picha Ukutani kwa Clotilda

Clotilda alikuwa anauza nguo za mtumba za watoto pale soko la Mchikichini, Dar es Salaam. Alikaa Magomeni na binti yake Fortunata, mwanafunzi wa kidato cha pili. Walipanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi Mwanamkuu. Mwenyewe Bi Mwanamkuu alikaa chumba cha mbele.

Kila asubuhi mama na binti walikunywa chai sebuleni. Kisha mmoja alienda sokoni, mwingine shuleni. Zamani walikuwa watatu mezani. Ansbert, mume wa Clotilda, alifariki mwanzoni mwa mwaka. Alizikwa kwao Rombo, Kilimanjaro.

Baada ya mazishi, Vitalis alikuja Magomeni na kirikuu, gari dogo la mizigo. Vitalis ni kaka mkubwa wa Ansbert, ana duka la jumla Kariakoo. Alipakia televisheni. Alipakia makochi na kabati la vyombo. Mwisho akashusha picha zote zilizokuwa ukutani: ya harusi, ya ubatizo wa Fortunata, na ile ya Ansbert akiwa kijana mbele ya migomba ya baba yake.

“Hizi ni picha za ukoo,” alisema. “Zitakaa nyumbani kwa mama. Na wewe, shemeji, jiandae. Shule zikifungwa mwezi wa sita nitakuja kuwachukua, mrudi Rombo. Hapa mjini mlikuwa na Ansbert. Sasa hapa si kwenu.”

Siku ile Clotilda hakujibu kitu. Alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka.

Ukuta wa sebule ulikuwa wa kijani, na rangi ilikuwa imepauka. Lakini pale picha zilipokuwa zimetundikwa, rangi ilikuwa bado mbichi. Kila aliyeingia aliona kwamba kuna vitu vimeondolewa. Fortunata aliacha kuleta wenzake kusoma. Akahamisha kiti chake, akawa anakunywa chai ameupa ukuta mgongo.

“Mama,” alisema asubuhi moja, “hapa panaonekana kama watu wamehama.”

Clotilda akaweka kikombe mezani.

“Hatujahama,” alisema. “Na hatuhami. Huu ukuta tutaujaza.”

“Tutaujaza na nini? Picha zote kachukua baba mkubwa.”

“Tutatafuta nyingine.”

Clotilda aliwahi kusikia kwamba kuna wachoraji wanaoweka kazi zao mtandaoni. Mtu anapakua picha kwenye simu, anaichapa, anaitundika nyumbani kwake. Jioni hiyo wakaanza kutafuta. Walipata tawi la mbuni, yaani mti wa kahawa, lenye matunda mekundu. Walipata ndege wawili wa rangi ya bluu, na soko lenye wanawake wamebeba vikapu. Fortunata akapiga skrinshoti, picha ya kioo cha simu, kwa kila moja. Kesho yake akazichapa kwenye duka la vifaa vya shule, kwenye karatasi za kawaida za fotokopi. Wakazibandika kwa selotepu.

Kwa kweli hazikupendeza. Ndege walikuwa na ukungu, hata macho yao hayakuonekana. Matunda ya mbuni yalikuwa ya kahawia. Baada ya siku chache karatasi zilijikunja pembeni, na moja ikaanguka.

Severine, mke wa Vitalis, alipita kuwasalimia akaziona.

“Mama Fortunata, makaratasi haya ya nini?” aliuliza. “Unapamba nyumba unayoiacha?”

“Nani kakwambia naiacha?” Clotilda alijibu.

Severine alicheka kidogo, akabadili mazungumzo.

Alipoondoka, Clotilda alizibandua zote. Hakuzibandua kwa aibu. Alizibandua kwa sababu zilikuwa mbaya, na yeye alitaka nzuri.

Jumamosi yake, mama na binti walienda Kariakoo. Walipenya katikati ya mikokoteni na wauza mifuko, mpaka kwenye duka moja la kuchapa mabango na kadi za harusi. Mwenye duka alikuwa Hinal, mwanamke wa rika la Clotilda. Duka lilianzishwa na baba mkwe wake, mzee Chandu, na sasa analiendesha yeye.

“Karibu, dada,” alisema Hinal.

“Asante. Naomba unichapie picha hii ya ndege, iwe kubwa. Ya ukutani.”

Hinal akaishika simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

“Hii umeipataje?”

“Nilipiga skrinshoti,” alisema Fortunata.

“Nikiichapa hivi, mkifika nyumbani mtanichukia,” alisema Hinal. “Itakuwa na ukungu.”

“Tumeshaiona hiyo,” alisema Clotilda. “Lakini mbona kwenye simu inang’aa?”

“Kwenye simu ni ndogo. Picha ni nukta nyingi za rangi zilizobanana. Skrinshoti ina nukta chache, zinatosha kioo cha simu tu. Ukiivuta ijae karatasi kubwa, kila nukta inavimba. Jicho lako linaona ukungu.”

“Kwa hiyo tufanye nini?”

“Mrudi kwenye tovuti mlikoitoa. Kuna kitufe cha kupakua. Bonyezeni hicho, halafu mchague faili kubwa kuliko yote. Kwa karatasi ya A4, mtafute upana wa nukta elfu mbili na mia tano hivi, na urefu wa elfu tatu na mia tano. Mkitaka A3, ambayo ni kubwa mara mbili, nukta nazo lazima ziongezeke.”

Fortunata akaanza kutafuta palepale.

“Angalia na umbo,” Hinal aliongeza. “Hao ndege wako kwenye picha ya mraba. Karatasi yetu ni ndefu. Tukilazimisha ijae, tutakata mabawa. Bora tuache ukingo mweupe.”

“Na mchoraji hatatudai?” aliuliza Clotilda.

“Ndiyo maana unasoma ruhusa yake kabla ya kupakua. Kuna anayesema chukua bure, weka nyumbani. Kuna anayetaka umlipe kwanza. Na wengi hawakubali uchape halafu ukauze. Ile ni kazi ya mtu.”

“Mimi siuzi. Nataka mtu akiingia kwangu ajue kuna wenyewe.”

Hinal alimtazama. Hakumwuliza kisa, lakini alivuta kiti akakaa.

“Basi tuifanye vizuri,” alisema.

Walisoma ruhusa pamoja. Tawi la mbuni na ndege viliruhusiwa bure kwa matumizi ya nyumbani. Ile ya soko haikuruhusiwa, wakaiacha. Fortunata akapakua mafaili makubwa. Alipotaka kuyatuma kwa WhatsApp, Hinal akamzuia.

“Usitume kama picha ya kawaida, inaweza kupunguzwa njiani. Tuma kama dokumenti. Hapo inafika nzima.”

Fortunata alituma. Kisha akasita, akamwangalia mama yake.

“Mama, na hii je?”

Ilikuwa picha ya Ansbert. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anacheka mpaka macho yamefumba. Fortunata aliipiga mwenyewe mwaka uliopita. Clotilda alikuwa hajawahi kuiona. Alishika ukingo wa meza.

“Ilipigwa kwa simu hii hii?” Hinal aliuliza taratibu.

“Ndiyo.”

“Basi iko nzima. Hiyo nayo itatoka vizuri.”

Hinal alichapa kwanza nakala ndogo ya kila picha. “Kioo cha simu kina mwanga, karatasi haina,” alisema. “Rangi inaweza kufifia kidogo. Bora tuone mapema.” Ndege walikuwa wameingia giza. Akawaongezea mwanga kwenye kompyuta. Kisha akachagua karatasi nene isiyong’aa. Ile inayong’aa, alieleza, ukiwasha taa unaona taa badala ya picha. Na karatasi nyepesi inajikunja kwa unyevu wa Dar.

Picha zilipotoka, Clotilda alihesabu manyoya kwenye bawa la ndege. Yote yalionekana.

“Msizikunje,” alisema Hinal, akiziweka katikati ya vipande viwili vya boksi. “Na mkizitia kwenye fremu, karatasi isigusane na kioo. Wekeni ukingo wa kadibodi katikati. Bila hivyo, joto likija picha inagandana na kioo.”

Fremu walizipata kwa fundi seremala, mtaa wa pili kutoka kwao. Clotilda alizisugua, akasafisha vioo pande zote. Kabla ya kugongea msumari wowote alienda kubisha kwa Bi Mwanamkuu.

“Gongea,” alisema Bi Mwanamkuu. “Lakini ngoja nikuonyeshe.” Akaingia sebuleni, akaweka kiganja kwenye ukuta wa kushoto. “Huu nyuma yake ni bafu. Unavuta maji. Picha itaota ukungu. Na pale mbele ya dirisha, jua la mchana litaila rangi. Ukuta wako ni huu wa katikati.”

“Ndio huo aliouacha mtupu shemeji.”

“Basi ndio huo huo.”

Bi Mwanamkuu akawafundisha jambo moja zaidi. Walikata magazeti yaliyolingana na fremu, wakayabandika ukutani kwanza. Walisogea nyuma wakatazama. Walishusha, wakapandisha, mpaka katikati ya picha pakawa usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ndipo wakagongea. Misumari ya kawaida ilipinda, maana ukuta ulikuwa wa saruji. Fortunata akakimbia dukani kununua ya zege. Hiyo iliingia.

Tawi la mbuni lilikaa kushoto. Ndege walikaa kulia. Ansbert alikaa katikati, anacheka.

Jioni ile Fortunata alikigeuza kiti chake, akautazama ukuta.

Shule zilipofungwa, Vitalis alikuja kama alivyosema. Ilikuwa asubuhi. Kirikuu ilisimama nje, dereva akabaki ndani.

“Shikamoo, baba mkubwa,” alisema Fortunata.

“Marahaba. Mmeshafunga mizigo?”

Vitalis akaingia sebuleni. Akasimama. Aliangalia ukuta kwa muda.

“Nani kakupa hizi?” alimwuliza Clotilda.

“Hakuna aliyetupa. Tumezichagua, tumezichapa, tumezitundika wenyewe.”

“Shemeji, mimi nilikwambia mjiandae.”

“Uliniambia. Hukuniuliza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa msibani. Usidhani nilikubali.”

“Rombo ni kwa mume wako.”

“Ni kwake. Krismasi tutaenda, kama kila mwaka, na kaburi lake tutalisafisha. Lakini maisha yake aliyaishi hapa. Fortunata kazaliwa hapa, anasoma hapa. Meza yangu ya biashara iko hapa. Mimi siondoki.”

Vitalis hakuzoea kujibiwa hivyo. Alipiga hatua mbili, akanyoosha mkono kwenye picha ya Ansbert. Clotilda akasimama mbele yake. Hakupaza sauti.

“Hii haishuki.”

Bi Mwanamkuu alikuwa amefika mlangoni, amejifunga kanga.

“Samahani, baba,” alisema. “Mimi ndiye mwenye nyumba. Hawa ni wapangaji wangu, na hawajaniaga. Kwangu hakipakiwi kitu leo.”

Nje dereva alipiga honi. Vitalis hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umeshuka. Alikuwa anaangalia uso wa mdogo wake.

“Hapa alikuwa anacheka nini?” aliuliza hatimaye.

“Alikuwa ananicheka mimi,” alisema Fortunata. “Nilisonga ugali ukawa uji.”

Vitalis akakaa kwenye kiti cha plastiki, maana makochi alikuwa nayo yeye.

“Sina picha yake anacheka,” alisema. “Zote kanuna, kama yuko polisi.”

Clotilda alimwonea huruma. Lakini huruma haikumsogeza pale alipokuwa amesimama.

“Nitakuchapia,” alisema. “Faili ninalo, zima. Ila kwanza picha zangu zirudi. Ya harusi ni yangu, na ya ubatizo ni ya Fortunata. Ya Ansbert na migomba, muachieni mama.”

Vitalis akainuka, akatoka, akamwambia dereva waende. Kirikuu iliondoka tupu.

Jumapili iliyofuata alikuja peke yake, baada ya ibada. Alibeba picha mbili zilizofungwa kwenye kanga. Clotilda alimkaribisha chai. Baada ya chai Clotilda akampa nakala yake ya Ansbert anayecheka, ndani ya fremu. Waliongea na habari za makochi. Vitalis akakubali kwamba nayo yatarudi.

Habari za ukuta ule zilienea nyumba nzima. Wapangaji wengine walikuja kutazama, na Clotilda aliwaeleza kwa mpango ule ule: soma ruhusa, pakua faili kubwa, tuma kama dokumenti, chapa nakala ndogo kwanza, kwepa ukuta wenye maji. Bi Mwanamkuu alitaka picha ya jogoo mkubwa ya kuweka ukumbini. Fortunata alimtafutia, akamchapishia kwa Hinal.

Shule zilipofunguliwa, Fortunata alianza tena kuleta wenzake kusoma. Siku moja alikuja msichana mpya darasani, Angela, aliyekuwa amehamia kutoka Mwanza. Aliingia, akaangalia sebule, akaangalia ukuta.

“Nyinyi ni wenyeji wa hapa?” aliuliza.

“Ndiyo,” alisema Fortunata, akimsogezea kiti. “Sisi ni wenyeji.”