Sahihi ya Ghorofa ya Sita

Ukumbi wa chini wa jengo lile ulikuwa umefurika asubuhi hiyo. Wauza simu walikuwa wakifungua vibanda vyao, na foleni ya lifti ilikuwa imefika barabarani. Mbele ya foleni alisimama kijana mrefu, mkaguzi wa lifti, shati lake la bluu limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, akibandika utepe mwekundu kwenye mlango wa lifti.

"Imefungwa," alisema.

"Mpaka lini?"

Aliyeuliza alikuwa mshonaji wa ghorofa ya sita, binti wa gauni la njano aliyesahau sindano mbili kwenye kola yake. Alikuwa akisukuma kiti cha magurudumu. Ndani yake alikaa baba yake, dereva mstaafu aliyepooza upande mmoja, wakitoka kliniki kwenye mazoezi ya miguu.

"Mpaka mwenye jengo abadilishe kamba," alijibu mkaguzi, akamwonyesha kitambaa kilichochanika vibaya. "Ukikipitisha kwenye kamba ya chuma, nyuzi zilizokatika hukinasa. Ona zilivyokifanya."

"Pole yake kitambaa. Na baba yangu nimpitishe dirishani?"

Watu wakacheka. Mkaguzi akakunja mikono ya shati, akachuchumaa, akampa mzee mgongo. "Nishike shingo, mzee wangu."

"Shingo yenyewe iko wapi? Wewe ni ufagio uliovaa shati."

Alimbeba mpaka juu, akipumzika kila ghorofa, na mzee akimwelekeza kama anayeendesha lori: kata kushoto, punguza mwendo. Walipofika, mikunjo ya pasi ilikuwa imefutika kwa jasho, na binti alikuwa amecheka mpaka machozi.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Sita," ndivyo alivyozoea kumwita, "umekula?"

"Nimekula. Wewe leo umefunga lifti ngapi?"

"Mbili."

"Utakosa marafiki, Mkaguzi."

"Nina wewe."

"Mimi nimekupendea mgongo tu, usijidanganye."

Lakini hakumpendea mgongo. Mwenye jengo alikuwa amempelekea mkaguzi bahasha mara mbili, na mara zote ilirudi bila kufunguliwa. Binti aliwasimulia wateja wake habari hiyo huku akiwapima viuno, akijisikia kama amevaa hariri. Mkaguzi alikuwa ameahidi: siku mzee atakaposhuka kwa lifti salama, siku hiyohiyo atakuja na wazazi wake kuposa.

Kamba haikubadilishwa. Mwenye jengo alisema hana haraka. Yeye haishi pale.

Mwanzoni mkaguzi na vijana wa ghorofa ya nne walimshusha mzee kwenda kliniki. Kisha vijana wakahama, na mkaguzi akaumia kiuno. Mazoezi yakakoma. Mguu mzima wa mzee ukaanza kunyauka kama mwenzake. Akaacha utani, akageukia ukuta, akawa anakunywa maji kwa kubembelezwa.

"Mwanangu," alisema jioni moja, "nikifa mtanishushaje?"

Kesho yake mwenye jengo alimwita binti ofisini. "Dada, kwa yule kijana mimi nimegonga mwamba. Wewe kwake huna haja ya kubisha hodi." Akasukuma bahasha mezani.

Binti aliitazama, akauona akilini ule mguu wa baba yake. Akaichukua.

Mkaguzi alipokuja jioni aliikuta kwenye meza ya kukatia nguo.

"Nani kakupa?"

"Unamjua."

"Na wewe ukapokea."

"Kwa mikono miwili. Wewe una kanuni zako, mimi nina baba."

"Sita, mpenzi, kamba ile itakatika."

"Lini?"

"Sijui. Labda kesho, labda mwaka kesho kutwa."

"Kamba ya baba yangu mimi naijua. Haimalizi mwezi."

Mkaguzi alimtazama mzee aliyelala kitandani, uso ukutani. Kisha akatoa cheti cha ukaguzi mkobani, akakiweka katikati ya vipande vya chaki, akatia sahihi.

"Bahasha sichukui," alisema. "Usiniulize tena kama nakupenda."

Binti alimrudishia mwenye jengo bahasha yake. Naye akacheka. "Kumbe kijana ni wa bure kabisa."

Lifti ikaanza kazi. Mzee akarudi kliniki, akaanza kukaa juani kwa kinyozi na kuwabishia watu habari za magari. Rangi ilimrudia usoni. Mkaguzi hakuja kuposa, wala hakupokea simu. Wiki ya pili akapiga mwenyewe.

"Nilikwenda kwa mkuu wangu nifute ile sahihi," alisema. "Nikamwambia nimedanganya. Akaniambia sahihi ni sahihi, nisimwaibishe. Kumbe bahasha yake alishaipokea zamani, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa kizuizi. Nimehamishwa."

"Rudi nyumbani, laazizi. Tutaanza upya."

"Kila nikikuona nitaisikia ile kamba."

"Basi nimlaumu nani?"

"Hata mimi sijui. Sita, mzee asipande na watu wengi. Apande peke yake, uzito uwe mdogo."

"Na mimi?"

"Wewe tumia ngazi."

Simu ikakatika. Binti alipopiga tena, haikupatikana, na haikupatikana tena kamwe.

Asubuhi mzee alikuwa ameshanyolewa ndevu, shati la kliniki mwilini, kiti mbele ya mlango wa lifti ulio wazi.

"Baba, leo tupumzike. Lifti hii si nzima."

"Najua," alisema mzee. "Ulidhani nilikuwa nimelala ile jioni?" Akasukuma gurudumu kwa mkono wake mzima, akaingia mwenyewe. "Kufa nikielekea juani, sawa. Ule ukuta, sirudi. Wewe shuka kwa ngazi."

Binti alimtazama mle ndani, mdogo, nadhifu, akimsubiri aondoke. Akaingia, akashika kiti, akabonyeza kitufe cha chini.