Kisanduku Kilichovimba Ubavu

Nilikuwa nikifuta vumbi, kama kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nikaona kisanduku hakikai sawa mezani. Nikikigusa huku, kinainuka kule. Nikainama kukitazama. Ubavu wake mmoja ulikuwa umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Kilikuwa kile kisanduku cheusi chenye betri ndani, ambacho watu huchomekea televisheni au kompyuta ili isizimike umeme ukikatika. Mjomba alikiokota kwenye ofisi moja iliyokuwa ikitupa vitu vyake vya zamani. Yeye ni fundi wa vyombo vya umeme. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, na mimi nililala chumba cha nyuma tangu mama yangu alipofariki.

"Mjomba, kimevimba," nilimwambia.

"Kimeshiba. Wewe utaijuaje shibe?" Akacheka peke yake.

Alikichaji kutwa. Niliporudi kutoka shule alikichomekea taa ya mezani, akachomoa waya wake ukutani, akanipa saa yake ya mkononi nihesabu dakika. Taa iliwaka. Kisanduku kikaanza kulia pii, pii, pii. Dakika ya tisa kikanyamaza, na taa ikazimika.

"Betri imekufa," nikasema.

"Dakika tisa zinatosha. Mteja gani atasimama dakika tisa akikodolea macho taa?" Akakigeuza, ubavu uliovimba ukaelekea ukutani, kisha akakunja karatasi akaiweka chini ya kona ili kisitikisike.

Mjomba aliniita Bubu. Sikuwa mtu wa maneno, na yeye alipenda hivyo. "Huyu ni kama droo mbovu," aliwaambia wateja. "Ukitia kitu humo, hakitoki tena."

Siku iliyofuata alikuja jirani yetu wa nyumba ya nne, mama mjane aliyestaafu kazi ya kufagia hospitali. Alikuwa ameuza cherehani yake, akanunua mashine ndogo ya kutotolea vifaranga. Ndani yake mlikuwa na mayai tisini, na ilikuwa siku ya kumi na mbili.

"Umeme ukikatika, sitoki ndani," alisema. "Naweka jiko la mkaa, nafunika mashine kwa blanketi, nakaa kama kuku mwenyewe. Miguu inaniuma, fundi, na kliniki siendi. Hiki kitashika muda gani?"

"Kwa kimashine kama chako? Saa sita, mama. Nenda kliniki, rudi, pika, lala."

Akachomeka taa, akachomoa waya, akaanza kumsimulia hadithi za wateja wasiojua kuwasha redio. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Dakika ya tano mjomba akarudisha waya ukutani. "Umeona mwenyewe."

Mama hakuridhika. Akanitazama mimi. "Eti, mwanangu, ni kweli?"

"Muulize, muulize! Huyu ni fundi mwenzangu," mjomba akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali. Mama akakilipia, akakibeba mwenyewe kifuani kama mtoto.

Siku nane baadaye, asubuhi ya mvua na baridi, umeme ulikatika saa tatu. Ulirudi saa nane mchana. Kesho yake yule mama aliingia karakana na ndoo, akaiweka juu ya meza ya mjomba. Ilijaa mayai. Machache yalikuwa yametobolewa kutoka ndani, na kwenye tundu moja palitokeza ncha ya mdomo, imekauka.

"Nilikwenda kliniki, kama ulivyoniambia," alisema. "Vifaranga walikuwa wameshaanza kulia ndani ya maganda. Niliporudi, kulikuwa kimya."

"Pole, mama. Lakini umekiunguza mwenyewe kwa kukipa mzigo mkubwa. Nilikuuzia kizima. Bubu shahidi." Mjomba akanigeukia. "Au siyo?"

Dereva wa lori, mtu mnene aliyekuwa akingoja redio yake, akacheka. "Leo Bubu ataongea? Mvua itanyesha tena!"

Nilitazama ule mdomo mkavu.

"Kilikuwa kibovu," nikasema. "Tulipima kwa saa. Taa moja tu, dakika tisa."

Dereva aliacha kucheka. Mjomba alinizaba kofi nikaangukia rafu ya skrubu. Aliponyanyua mkono tena, dereva akaudaka.

"Rudisha hela ya huyu mama," alisema. "Yote. Mimi sina haraka."

Mjomba alizirudisha. Jioni alichukua madaftari yangu yote, akawashia jiko, huku akiniambia nitazame. "Nimekulisha miaka mitatu," alisema. "Sasa kajilishe kwa maneno."

Yule mama alisikia, akaja kunichukua kabla giza halijaingia. Kwake kulikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, na mashine tupu. Tuliisafisha pamoja kwa maji ya moto, tayari kwa mayai mapya.

"Kusema mbele ya wale wanaume kulitaka moyo," aliniambia. "Asante. Lakini nitakuambia neno lisilofurahisha. Uliposema, nilipata hela. Ungesema siku nane kabla, vifaranga wangekuwa wanakimbia humu. Ukijua jambo litakalomwumiza mtu, mwambie kabla hajaumia. Baadaye ni kumpa pole tu."

"Ndiyo, mama."

"Najua ulimwogopa mjomba wako. Kwa hilo nimekusamehe."

Nikaendelea kusugua trei. Miaka imepita na sikumsahihisha. Sikumwogopa. Mjomba aliponiita fundi mwenzake, aliniwekea mkono begani. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika hivyo tangu mama yangu alipofariki. Nilitikisa kichwa kukubali ili asiuondoe.