Kola Zilizokatwa Kwenye Kurasa za Mbele

Mama ni fundi cherehani. Hagusi kitambaa kabla ya kukata karatasi ya kufuatishia: kola, mfuko, mkono, kila kimoja kina kipande chake ukutani. Mgongo wake umechoka. Anangoja jambo moja tu: binti yake ahitimu chuo mwaka huu, apate kazi, yeye apumzike.

Binti anaandika utafiti kuhusu maumivu ya mgongo kwa mafundi cherehani. Fotokopi za vitabu alivyosoma zimejaa chini ya kitanda.

"Mwanangu, karatasi za kukatia zimeniishia," Mama alisema asubuhi moja.

"Chukua hizi kurasa za mbele, Mama. Zina majina na miaka tu. Hazina kitu."

Jamani! Hazina kitu? Zilikuwa na kila kitu.

Baada ya miezi mitatu, msimamizi wa utafiti chuoni alimrudishia Binti rasimu. Wino mwekundu ulijaa hadi pembeni.

"Maneno haya ni ya nani?" aliuliza.

"Niliyasoma, mwalimu."

"Kwenye kitabu gani? Mwandishi nani? Mwaka gani? Ukichukua maneno ya mtu bila kumtaja, huo ni wizi. Siipokei hii. Mwisho ni Ijumaa."

Binti alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akalia. Mama alimwita jirani yao, mkutubi wa maktaba.

"Kurasa za mbele ziko wapi?" mkutubi aliuliza.

Mama alinyoosha kidole ukutani.

Walivishusha vipande vyote. Kwenye kola kulikuwa na nusu ya jina. Kwenye mfuko, mwaka bila mwandishi. Kati ya vitabu kumi na vinne walitambua vitatu.

"Maneno ya vitabu vingine yafute," mkutubi alisema. "Usibuni jina wala mwaka. Hilo ni kosa kubwa zaidi."

Sura mbili ziliondoka zote.

"Mkasi wangu umekumaliza, mwanangu," Mama alisema.

"Mimi ndiye niliyekupa, Mama."

Ijumaa ikapita, utafiti haujakamilika. Wenzake walivaa majoho, yeye akabaki nyumbani akifagia nyuzi. Mama akarudi kwenye cherehani kwa mwaka mwingine. Iliuma, na sina neno la kuwapoza.

Mkutubi alikuja tena, akaleta daftari.

"Kabla hujasoma, andika mwandishi, mwaka, jina la kitabu na mchapishaji," alisema. "Ukinakili neno kwa neno, weka alama za kunukuu na ukurasa. Ukieleza kwa maneno yako, bado mtaje mwandishi."

"Na mafundi niliowahoji?"

"Vilevile. Omba ruhusa, andika tarehe."

Binti alimgeukia mama yake. "Mama, naomba ruhusa. Mgongo unaanza kuuma saa ngapi?"

"Miaka yote hii hujui?"

"Sikuwahi kukuuliza."

Mama aliweka mkasi chini. "Saa nne asubuhi. Nikifika kwenye vifungo, siinuki bila kushika ukuta. Andika, na jina langu uliweke."

Mwaka uliofuata utafiti ulipokelewa. Binti alihitimu, akapata kazi. Lakini Mama alikuwa hawezi tena kukaa kwenye kiti. Aliusoma utafiti akiwa amelala chali, polepole, mpaka akafika kwenye maneno yake, na jina lake pembeni.

"Ndivyo nilivyosema," alisema. "Hukuongeza kitu."

Binti alimgeuza ubavu, akaanza kumkanda mgongo.