Meno ya Malenga

Asubuhi Malenga alinyoosha mkono kwenye glasi iliyo kando ya kitanda, akakuta maji matupu. Meno yake ya bandia yalikuwa yameibwa.

Sayari anayoishi ni ndogo. Ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili anakuambia pole. Haina dhahabu wala mafuta. Meli za anga hutua kumsikiliza Malenga tu, na siku hiyo wageni walitarajiwa saa nane. Wakimkuta bibi kibogoyo anayetema mate badala ya vina, nani atarudi tena?

Inspekta alifika saa tatu, akakalishwa sebuleni. Mpwa wa Malenga, ambaye ndiye mwongoza wageni, alimmiminia kila mtu chai. Mwenyewe hakunywa, alisema tumbo halijakaa sawa.

Mpishi alishukiwa kwanza, maana jana yake alinuniana na bibi juu ya chumvi. Akababaika: alikuwa jikoni, hapana, uani, mara akakumbuka alirudi kufuata ndoo. Jirani, ambaye kila siku hulalamika kuwa mashairi ya alfajiri yanamnyima usingizi, alijikanyaga vibaya zaidi.

Mpwa alipoulizwa, alikohoa kidogo:

"Nilikuwa bustanini, nikimwagia maua,
Sikuingia chumbani, hadi likachoma jua."

Inspekta akaweka kikombe chini. "Rudia."

Akarudia, hakukosa hata silabi.

"Wenzako wamejikanyaga kwa sababu wanakumbuka," Inspekta alisema. "Wewe una mizani nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Jibu lenye vina limelala na mwenyewe usiku kucha. Haya, bwana, chai hii mbona huinywi?"

Mpwa akalitupia birika jicho. Inspekta akafunua kifuniko. Meno yalikuwa chini kabisa, yakimchekea, naye alishamaliza vikombe viwili.

Mpwa akakiri. Maisha yake yote amewafikisha watu mlangoni kwa shangazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye anatunga. Alidhani bibi akinyamaza, labda wangemgeukia yeye.

Malenga akayasuuza meno, akayavaa, akamkazia macho.

"Tungo zote ulizoniletea, mwanangu, zilikuwa kavu kama mabunzi ya mahindi. Huu uongo wako ndio una chumvi."

Mpishi akakohoa.

Saa nane wageni walipoketi, Malenga alitangaza kwamba mpwa wake atamtangulia. Mpwa akaghani ubeti wa bustanini. Wakapiga makofi, wakataka arudie.

Inspekta alikaa mstari wa mbele. Chai ilipoletwa, alifunua birika kwanza.