Kiranja Asiyeuliza

Darasa lote lilinyamaza kila Kalamu alipoingia. Hilo si jina alilopewa na wazazi. Wenzake walimpachika, kwa sababu tangu achaguliwe kiranja wa darasa hakutembea bila kalamu na karatasi. Aliyechelewa, aliandikwa. Aliyepiga kelele, aliandikwa. Ikifika saa nne, karatasi iko mezani kwa mwalimu wa nidhamu, na huko kila mtu alipata fungu lake la adhabu.

Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Waliishi wawili katika chumba kimoja, jiko la mkaa likiwa nje ya mlango. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kupewa cheo, hata cha kushika ufunguo wa stoo. Kwa hiyo mama alijivunia mno. Alimwambia binti yake akishike cheo kwa mikono miwili, asimwonee mtu haya, hata awe rafiki. Alikuwa na nia njema, maskini. Yeye mwenyewe maisha yake yote aliongozwa hivyo, kwa kuandikwa na kufokewa, na hakujua kama kuna njia nyingine.

Aliyeponzwa na wasia huo ni Mpole. Mpole na Kalamu walikaa dawati moja tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, na sasa walikuwa mwaka wa mwisho. Muhula ule Mpole alianza kuchelewa. Alifika sketi imelowa, mikono inanuka sabuni, akakaa bila kusema neno. Kalamu alimwandika mara kumi na moja. Hakumwuliza hata mara moja ana nini. Aliona kumwuliza rafiki ni upendeleo.

Baada ya mara ya kumi na moja, Mpole alisimamishwa masomo mpaka alete mzazi. Wiki moja ikapita, ya pili, ya tatu. Mzazi hakuja, na Mpole hakuonekana.

Mwaka huohuo shule ilianza mpango mpya. Kila kiranja alipewa mlezi, yaani mtu mzima mwenye kazi yake, wa kukutana naye kila Jumamosi na kujifunza uongozi. Wanafunzi wa mtaa ule hawakuwa na wajomba maofisini, basi shule ikawatafutia wajomba na mashangazi wa kuazima. Kalamu akapangiwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, bosi wa mama yake. Wafuaji walimwita Mama Mvuke. Mama aliposikia alikaa kitini akajipepea kwa kanga.

Jumamosi ya kwanza Kalamu alikuta mashine zinanguruma na mashuka yamerundikana hadi kifuani. Mama Mvuke alikuwa akipita kwa wafuaji mmoja mmoja. Huyu alimwuliza mgongo unaendeleaje, yule alimwuliza habari za mtoto. Hakuwa na karatasi. Kalamu alishangaa, na moyoni akajiuliza, bosi gani huyu. Akamwonyesha orodha zake za muhula mzima, zimenyooka na kupigiwa mistari.

Mama Mvuke alizisoma zote. Kidole chake kikasimama.

"Huyu mara kumi na moja, ana nini?"

"Anachelewa, shangazi."

"Nimeona anachelewa. Nakuuliza ana nini."

"Sijui."

Mama Mvuke hakumgombeza. Alimpeleka kwenye rola kubwa ya kunyooshea mashuka, ile ya moto.

"Mwanamume mmoja alifanya kazi hapa miaka sita," alisema. "Akaanza kusinzia kazini. Nikamwandika mara ya kwanza, nikamwandika ya pili. Alijua ya tatu ni kufukuzwa. Basi akawa hasinzii mbele yangu, anajikaza. Kumbe nyumbani anauguza mke, usiku halali. Sikumwuliza. Siku moja usingizi ulimchukua amesimama, mkono ukaingia humu pamoja na shuka."

"Alipona?"

"Yeye alipona. Mkono haukupona."

Mama Mvuke akaendelea, taratibu, kama mtu anayefundisha kazi.

"Mtu akikuogopa, anakuficha. Wewe ukifichwa, huongozi mtu. Mwite pembeni, peke yake. Mwulize, kisha funga mdomo usikilize. Jambo likikushinda, mpelekee anayeliweza. Halafu urudi uone kama limekwisha. Usipojua sababu, usiandike."

Hapo Kalamu aliingiwa na hofu ya kweli. Usajili wa mtihani wa mwisho ulikuwa unafungwa Ijumaa iliyofuata, na aliyesimamishwa hasajiliwi. Mpole angekosa mtihani, na miaka yote ya shule ingekwenda na maji. Alimweleza mlezi wake. Mama Mvuke akamwambia aende kwa Mpole kesho yake, na aende kuuliza, si kujitetea.

Jumapili alifika nyumbani kwa Mpole. Hakumkuta. Alimkuta baba mtu amelala kwenye godoro chini, amepooza upande mmoja tangu mwanzo wa muhula. Kikombe cha maji kiliwekwa pale mkono mzima unapofika. Shuka lilikuwa limelowa. Mama yake Mpole alishafariki zamani. Kila asubuhi Mpole alimwosha baba, akamgeuza, akamlisha, akafua, ndipo akakimbilia shule.

"Walitaka mzazi," mzee alisema kwa shida. "Mzazi ndiye huyu unayemwona."

Alisema binti yake anaponda kokoto machimboni. Kalamu alikwenda. Mpole alikaa juu ya lundo la mawe, nyundo mkononi, kitambaa kimefungwa jicho la kushoto. Siku ya tisa ya kazi hiyo kipande cha jiwe kiliruka kikamwingia jichoni. Zahanati ilimwambia amechelewa.

"Umekuja kuniandika na huku?"

Kalamu alilia. Alitaka kuomba msamaha, na aliona aibu hata ya kuuomba. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Kalamu alijifuta machozi. Akauliza, kwa mara ya kwanza tangu awe kiranja: "Asubuhi unahitaji nini?"

Mpole aliiweka nyundo chini. Kisha akasema baba ni mzito. Angepata mtu wa kumsaidia kumgeuza, angewahi shule.

Jumatatu Kalamu, mama yake na Mama Mvuke waliketi mbele ya mkuu wa shule. Kalamu alieleza kila kitu, na hakujificha nyuma ya kanuni. Alisema aliandika mara kumi na moja bila kuuliza. Mkuu alianza kusema sheria ni sheria, kisha akaishia katikati. Siku ya pili yake yeye na mwalimu wa nidhamu waliinama kuingia katika chumba cha baba yake Mpole, na mzee akatia dole gumba kwenye fomu ya kumrudisha binti shule. Alhamisi Mpole alisajiliwa.

Wasichana wanne wa mtaa ule walikubali kupokezana asubuhi, wawili wawili, na Kalamu alianza zamu yeye. Mama yake aliwafundisha kubadilisha shuka bila kumwinua mgonjwa, kazi aliyojifunza kwa kuwatazama wauguzi. Siku hiyo wote walimsikiliza yeye, na alipenda.

Darasani Kalamu alianza kuwaita wenzake pembeni. Mmoja alichelewa kwa kungoja zamu ya bombani, mwingine alikuwa na mimba ya ndugu yake na hakumwambia mtu. La huyo lilimshinda Kalamu. Alimwomba ruhusa, akampeleka kwa Mama Mvuke, naye akampeleka kwa daktari na polisi.

Mpole alirudi shule, lakini si kwenye dawati lao. Hospitali ilimsafisha kidonda, lakini jicho halikupona. Aliwaambia wasichana wa zamu waziwazi kwamba kwa Kalamu bado ana kinyongo, ila asubuhi mlango uko wazi.

Miezi ikapita, mtihani ukafika. Wote wawili walifaulu, na walimu walishangilia. Kalamu alishangilia pia. Lakini ndani ya chumba cha mtihani alikuwa ameketi nyuma ya Mpole, na kwa saa tatu alimwona anageuza kichwa kizima kila alipofika mwisho wa mstari.